Je, Wajua? Kioo cha 0.17

Lenzi nyingi za hadubini zimeandikwa 0.17 ubavuni. Hizo ni milimita: unene wa kile kioo kidogo kinachofunika sampuli juu ya slaidi. Aliyeibuni lenzi alikihesabu kioo hicho kuwa sehemu ya lenzi yenyewe. Kwa lenzi kali isiyotumia mafuta, unene wa kioo ukizidi au kupungua kwa sehemu chache tu za mia za milimita, picha hufifia. Kosa si la macho yako!

Zamani sampuli zilifunikwa kwa vipande vya ulanga. Mnamo miaka ya 1840, kiwanda cha Chance Brothers, karibu na Birmingham, Uingereza, kilikuwa kikitengeneza kioo chembamba cha kazi hiyo.

Kioo kipya kutoka boksini huenda kisiwe safi. Kinaweza kuwa na utando wa mafuta usioonekana. Kidondoshee tone la maji. Kwenye kioo safi maji hutandaa. Penye mafuta hujikusanya kama ushanga. Maabara zinazootesha seli juu ya vioo hivi huviosha kwa sabuni, maji na spiriti, nyingine hata kwa asidi. Kisha hushikwa pembeni, kwa kibano, kamwe si kwa vidole.