Mbwa Aliyeuma Asiuawe Haraka

Mbwa akimuuma mtoto katika kartie za Kalemie, watu hujigawa bila kuambiwa. Akina mama humbeba mtoto, vijana huokota mawe na fimbo wakamkimbiza mbwa. Hasira yao naielewa, na mzazi yeyote anaielewa. Lakini mbwa yule akishapondwa kichwa, mji umepoteza kipimo rahisi kuliko vyote cha kujua kama mtoto yuko katika hatari ya kichaa cha mbwa au hapana.

Kipimo chenyewe ni siku kumi za mnyororo. Virusi vya ugonjwa huu vikiingia mwilini havikimbilii mate. Hupanda polepole kwenye neva hadi ubongoni, vikazaana huko, ndipo vikashuka kwenye tezi za mate. Kwa hiyo mbwa aliyekuwa na virusi mateni siku aliyouma, ubongo wake ulikwisha kushambuliwa, na kabla ya siku kumi kutimia ataugua waziwazi au atakufa. Akifika siku ya kumi anakula, anatikisa mkia na kubweka kwa sauti yake ya kila siku, basi siku ile hakumwambukiza mtu. Hakuna mashine inayotakiwa. Maabara kuu ya mifugo ya nchi iko Kinshasa, zaidi ya kilomita 1500 kutoka hapa kwa njia ya ndege, na kinachopimwa huko ni ubongo uliohifadhiwa kwenye baridi. Kichwa kilichopondwa kwa mawe kikalala juani hakimfai fundi wa maabara, hata awe hodari namna gani.

Aliyeumwa, yeye, hangoji siku kumi. Jeraha lioshwe palepale kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 nzima, bila kupaka majivu, mafuta ya gari wala pilipili. Kisha kituo cha afya, siku ileile. Sindano huanza siku hiyo, hufuata nyingine baada ya siku 3, baada ya siku 7, na ya mwisho kati ya siku ya 14 na ya 28. Jeraha lililotoboa ngozi hutakiwa pia kuchomwa kingamwili kandokando yake, pale zinapopatikana. Mbwa akimaliza siku kumi mzima, daktari anaweza kusimamisha sindano iliyobaki, na chupa ile ikamfaa mtu mwingine. Mbwa akianza kudondosha mate siku ya nne, familia iliyokuwa imechoshwa na nauli za pikipiki inajua kwamba hapa hakuna mchezo. Dalili zikishajitokeza kwa binadamu, hospitali haina tena dawa ya kumrudisha. Makadirio yanayotumika duniani ni vifo 59,000 kwa mwaka, karibu vyote kutokana na mbwa, na katika kila watu kumi wanaoumwa na mnyama anayeshukiwa, wanne ni watoto chini ya miaka 15.

Kumfunga nako kuna namna yake. Kamba ya katani huitafuna usiku mmoja, kwa hiyo itafutwe cheni, au afungiwe chumba chenye mlango wa kukaza. Apate kivuli. Chakula na maji avipate kutoka kwa mtu mzima mmoja tu, anayesukuma bakuli kwa fimbo bila kuinama karibu. Asiuzwe, asipelekwe kijijini kwa shemeji, na asichanjwe ndani ya siku hizo kumi, kwa sababu homa ndogo ya chanjo inaweza kuwachanganya wanaomwangalia. Cha kutazama ni mabadiliko: mpole amekuwa mkali au mkali amekuwa mpole kupita kiasi, sauti imekwaruza, taya limelegea, miguu ya nyuma inayumba, anatafuna mbao na udongo.

Wengi humjaribu mbwa kwa maji. Wanamwekea bakuli, akinywa wanatangaza kuwa ni mzima. Jaribio hilo litupwe. Kuogopa maji ni dalili ya binadamu mwenye ugonjwa huu. Mbwa mgonjwa anaweza kuinamia bakuli na hata kuvuka mto. Akifa akiwa amefungwa, aitwe fundi wa mifugo kabla ya mtu kumgusa. Na kwa kuwa wako Wakongo wanaokula nyama ya mbwa, niseme wazi: mbwa aliyekufa akiwa chini ya uangalizi haendi sufuriani. Hatari kubwa iko mikononi mwa anayemchinja na kumpasua kichwa, kabla hata moto haujawashwa.

Ugomvi huanza pale shefu wa kartie anapofika kuuliza mbwa ni wa nani. "Papa Shefu, mbwa wangu hana kosa, mtoto ndiye alimchokoza." Au: "Huyo si wangu, Papa, anapita tu hapa kutafuta mabaki." Kauli ya pili ndiyo inayotuumiza zaidi, maana mbwa asiye na mwenyewe hafungwi na mtu, na asipofungwa anauawa.

Sheria imekwisha kuzijibu kauli zote mbili, na ni ya zamani kuliko barabara zetu. Kifungu cha 261 cha Kitabu cha Tatu cha Kanuni ya Kiraia, kilichotokana na dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, kinamwajibisha mwenye mnyama, au anayemtumia wakati anapomtumia, kwa hasara ambayo mnyama huyo amesababisha, awe alikuwa chini ya ulinzi wake au alikuwa amepotea au kutoroka. Neno zito ni lile la anayemtumia. Mbwa unayemtupia mabaki ya bukari kila jioni, naye akakulindia parsele yako usiku, ni vigumu kumwambia hakimu kwamba alikuwa anapita. Nauli, dawa na kazi iliyopotea vinaweza kudaiwa kwako. Ni watu wachache wanaopeleka jambo hili mahakamani, lakini mbele ya shefu wa kartie kifungu hicho kikisomwa kwa sauti hufupisha maneno mengi.

Kuhusu nani atoe amri, hatuhitaji kungoja sheria mpya ya mbwa kutoka Kinshasa. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 juu ya maeneo yaliyogatuliwa iliipa miji na komini uwezo wa kushughulikia usafi na usalama wa wakazi wao. Meya, au burugumestre wa komini ya Lukuga, ya Lac au ya Kalemie, akishauriwa na ukaguzi wa mifugo wa jimbo, anaweza kutia saini karatasi moja. Mimi ningeomba iwe fupi. Kila mbwa aandikwe kwenye daftari la kartie kwa jina la mtu. Awe na kadi ya chanjo. Mbwa aliyeuma afungwe siku kumi kwa gharama ya mwenyewe, na anayemuua au kumficha kabla ya siku hizo alipe faini, isipokuwa pale hapakuwa na njia nyingine ya kuokoa mtu. Kituo cha afya kinachopokea aliyeumwa kipige simu kwa wa mifugo siku hiyohiyo, na wa mifugo ajibu. Sharti hili la mwisho halihitaji bajeti, na bado ndilo hukwama mara nyingi: afya wana daftari lao, mifugo wana lao, na mbwa mmoja anaandikwa mara mbili bila watu hao wawili kuonana.

Watu huniuliza kwa nini tusiwapige risasi au kuwawekea sumu wote wanaozurura, tumalize. Jaribio hilo limekwisha kufanywa. Kisiwa cha Flores, Indonesia, kilipopata kichaa cha mbwa mwishoni mwa miaka ya 1990, waliua mbwa kwa wingi sana, na ugonjwa ukabaki. Kisiwa cha Bali nacho kilianza kwa kuua baada ya 2008, ugonjwa ukaenea kisiwa kizima, na nafuu ilionekana walipogeukia chanjo. Sababu ni ya kawaida kabisa. Sumu haiulizi nani amechanjwa, kwa hiyo inaondoa na wale waliokuwa kinga yetu. Wenye mbwa wanawahamisha usiku kwa ndugu, na virusi vinasafiri nao. Baada ya miezi michache kila nyumba imeleta mtoto wa mbwa mpya, ambaye hajawahi kuiona sindano.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni kisiwa cha Pemba, Tanzania. Watafiti wa taasisi ya afya ya Ifakara na wenzao walifuatilia kila mnyama aliyeshukiwa kisiwani kuanzia 2010 hadi 2020. Chanjo ya kila mwaka ya kisiwa kizima ilizima minyororo yote ya maambukizi ifikapo Mei 2014. Kisha chanjo ikalegea. Mwishoni mwa 2016 ugonjwa uliingia tena kutoka nje, mara mbili, ukasambaa. Waliporudia chanjo, ukazimwa Oktoba 2018. Na si lazima kuchanja kila mbwa: mbwa mmoja mwenye kichaa humwambukiza, kwa wastani, zaidi kidogo tu ya mbwa mwingine mmoja, ndiyo maana kiwango kinacholengwa ni asilimia 70. Ila mbwa wa kwetu wanaishi muda mfupi na kuzaana haraka, kwa hiyo asilimia 70 ya mwaka jana si asilimia 70 ya leo. Pemba ni kisiwa, Kalemie ni bandari. Maboti yanakuja kutoka Kigoma na Uvira, treni inatoka bara, na familia zilizokimbia vijiji vyao kwa vita zilikuja na zilichoweza kubeba. Mbwa anayeshuka botini bila cheti cha chanjo ni jambo la kuulizwa hapo hapo bandarini.

Wako pia wanaotaka kituo cha kuhifadhia mbwa na paka kama cha Ulaya. Nawaheshimu, na Bukavu kuna shirika, Sauvons Nos Animaux, linaloonyesha kwamba wenyeji wanaweza kulianza jambo hili wenyewe. Hata hivyo kwa Kalemie nisingeanzia hapo. Mbwa wengi wanaozurura mchana wana kwao pa kurudi usiku. Anayehitaji kubanwa ni mwenye mbwa. Nyumba ya wanyama isiyo na bajeti ya chakula hujaa ndani ya wiki chache, kwa sababu habari ikienea watu huleta watoto wa mbwa kwenye katoni na kuwaacha mlangoni, na ugonjwa mmoja wa kuharisha damu ukiingia unawamaliza watoto wote wa mbwa kwa siku tatu. Kinachotosha ni vizimba vichache vya sementi kwenye kiwanja cha huduma ya mifugo, kila kimoja na mfereji wake, viwili kati yavyo vikiwa mbali na vingine kwa ajili ya mbwa waliouma watu na hawana pa kufungwa. Anayeingia aandikwe tarehe, alikokamatwa na rangi yake. Achanjwe, isipokuwa yule wa siku kumi. Iandikwe tangu mwanzo atakaa siku ngapi kabla ya kupewa mtu mwingine, na kama itabidi afe, nani anaamua na kwa sindano gani. Amri isiyosema hilo huishia kwenye rungu.

Paka nitawagusa kidogo. Hawauendelezi ugonjwa huu wenyewe kwa wenyewe, lakini paka aliyeumwa na mbwa mgonjwa anaweza kuupeleka kwa mtu, na jino lake huingia ndani sana ingawa tundu ni dogo. Wanaolinda maghala ya mahindi na vichanja vya ndagala wachanjwe pamoja na mbwa. Paka aliyeuma naye huangaliwa siku kumi, ndani ya kizimba chenye wavu, kwani hakuna aliyewahi kumfunga paka kwa mnyororo akakubali.

Kisingizio cha kukosa umeme wa kuhifadhia chanjo nacho kimepungua nguvu. Utafiti uliofanyika Tanzania na kuchapishwa 2016 ulionyesha kwamba chanjo moja ya mbwa inayotumika sana, Nobivac, ilibaki na nguvu yake baada ya miezi sita kwenye nyuzijoto 25, na miezi mitatu kwenye 30. Kutokana na hapo watafiti wakabuni mtungi wa udongo ndani ya mtungi, mchanga uliolowa katikati, wa kuhifadhia chanjo hizo kijijini bila friji. Wafinyanzi tunao, mchanga wa ziwani tunao. Hii ni kwa chanjo ya mbwa tu. Ya binadamu ibaki kwenye friji ya hospitali.

Siku ya kimataifa ya ugonjwa huu ni Septemba 28, na kwa Kalemie tarehe hiyo inafaa hasa kwa kuchanja mbwa, kwani mvua za Oktoba bado hazijaharibu njia. Kwa mzigo unaokuja kwa ndege au kwa boti, agizo la chanjo la Agosti limekwisha kuchelewa, liandikwe Juni. Na siku hiyo watoto wa mbwa wasirudishwe nyumbani kwa kuambiwa bado ni wadogo. Wachanjwe hata wa wiki sita, wakija wamebebwa kwenye kikapu.