Turubai la Boti Ndogo: Namna ya Kulichagua na Kulifunga

Wananchi wa mialo ya mpakani, kuanzia Majanji na visiwa vya Sigulu na Lolwe hadi Kasensero karibu na mpaka wa Tanzania, wametuuliza mara kwa mara katika mikutano ya polisi jamii jambo ambalo huenda likaonekana dogo kwa mtu asiye na chombo: boti ya safari ifunikwe kwa kitu gani inapokuwa imefungwa mwaloni? Tumeona vyema kulijibu kwa kirefu. Malalamiko mengi tunayopokea kuhusu boti ndogo, yaani injini iliyoibwa usiku, chombo kilichozama kikiwa kimefungwa, au ugomvi baina ya nahodha na askari wa doria, huanzia au huishia kwenye turubai.

Tunazungumzia boti za mbao au za faiba zenye urefu wa mita 5 hadi 8 na injini moja nyuma, zile zinazochukua familia, wachuuzi na waombolezaji kati ya visiwa na bara, na nyingine zikivuka hadi Sio Port au Port Victoria nchini Kenya. Meli na mitumbwi ya kuvulia ina mambo yake, nasi hatutaigusa hapa.

Asubuhi moja ya msimu wa mvua za mwisho wa mwaka tuliitwa mwaloni ambako boti ya faiba ya mita 6 ilikuwa imezama palepale ilipofungwa, omo pekee ikichungulia juu ya maji. Mwenyewe aliamini kwamba imetobolewa, na jina la jirani wa ng'ambo ya mpaka, aliyegombana naye juu ya nyavu siku chache kabla, lilikuwa limekwisha kutajwa mbele ya umati. Vijana walikuwa tayari kuvuka. Tulipoiinua boti hatukukuta tundu lolote. Tulikuta turubai la buluu lililofungwa ukingo kwa ukingo bila mti wa katikati, limelegea mfano wa beseni, na vijicho vyake vya upande mmoja vimeng'oka. Mvua ya usiku ilijaa katika beseni hilo, uzito ukailaza boti ubavu, ukingo ukafika majini, na ziwa likamaliza kazi iliyobaki.

Hesabu yake ni nyepesi. Sentimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita 10, yaani kilo 10. Bonde la mita 2 kwa mita 1 lenye kina cha wastani cha sentimita 10 hubeba kilo 200, sawa na watu wazima watatu walioketi juu kabisa ya chombo, tena watu wasiotulia, maana maji hukimbilia upande ule ule boti inakoinamia. Mvua za ziwa letu nazo zina tabia ya kuja mwenye boti akiwa amelala. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, pepo za pande zote huelekea ziwani, hewa yenye unyevu hupanda juu, na ngurumo huanza kabla ya alfajiri.

Kwa sababu hiyo twashauri mnunuzi aanze na umbo kabla ya kufikiria kitambaa. Turubai la boti liwe na mgongo kama paa la nyumba. Mwanzi mmoja mrefu kutoka omo hadi tezi, uliowekwa juu ya nguzo mbili au tatu zenye panda, unatosha. Ncha za nguzo na za mwanzi zivishwe vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli ili zisitoboe kitambaa. Kwa boti yenye upana wa mita 1.8, mgongo uliopanda sentimita 50 juu ya kingo hutoa mteremko wa kutosha kuyafukuza maji. Kisha pindo lishuke nje ya kingo walau sentimita 20 kila upande, la sivyo paa lako litayamwaga maji ndani ya boti badala ya ziwani. Usipime kwa macho. Chukua kamba, ipitishe kutoka pindo la kushoto, juu ya mwanzi, hadi pindo la kulia. Boti hiyo ya mita 1.8 itahitaji turubai la upana wa mita 2.5 hivi, wala si mita 2 kama wengi wanavyonunua kisha wakalivuta hadi likapasuka. Kwa urefu, hesabu pia injini.

Sasa tuje kwenye kitambaa. Turubai jepesi la plastiki iliyofumwa, lile la buluu liuzwalo kila duka la mpakani, lina faida moja tu, bei. Ikweta inalikata ziwa hili, nalo liko mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari. Jua la saa sita hupiga karibu wima mwaka mzima, na mionzi yake ya urujuanimno huila plastiki hiyo hadi ikachanika vidoleni kama jani kavu. Linafaa kwa dharura ya wiki kadhaa. Turubai zito la malori, lililopakwa PVC juu ya nyuzi za poliesta, halipitishi tone la maji na huvumilia mikwaruzo. Lakini halipumui. Unyevu wa ndani hugeuka jasho, jasho likawa ukungu, na ukungu hupenda jaketi za kuokolea maisha kuliko kitu kingine chochote botini. Anayelichagua hana budi kuacha matundu ya hewa. Turubai la pamba, lile la mahema ya zamani, hupumua vizuri, na nyuzi zake zikilowa huvimba na kuziba. Likikunjwa bichi, hata hivyo, huoza.

Viko vitambaa viwili vilivyo bora kwa kazi hii. Poliesta nzito iliyopakwa dawa ya kuzuia maji ni nyepesi kubebwa na mtu mmoja, haivutiki sana ikilowa, na bei yake si ya kumfilisi mwenye boti ya abiria. Akriliki, ambayo rangi yake hutiwa katika nyuzi zenyewe kabla ya kufumwa, huvumilia jua kuliko vyote na hupumua. Ila ni ghali, na huchakaa upesi inaposuguana na kona za mbao, hivyo fundi aishonee viraka mahali hapo. Kwa maoni yetu, mwenye boti moja anayeitegemea kwa riziki achukue poliesta, na fedha inayosalia ainunulie mnyororo na kufuli la injini.

Kabla ya kulipa, geuza turubai utazame mshono. Uzi wa pamba ndio wa kwanza kufa, na turubai zuri lililoshonwa kwa uzi mbaya hufumuka likiwa bado jipya. Dai uzi wa poliesta, mshono wa kukunjwa mara mbili, na vijicho vya shaba vilivyotiwa katika pindo lenye kitambaa cha ziada. Juu ya rangi hatuna amri. Rangi ya kukoza huficha uchafu, nyeupe hupunguza joto. Sisi, tutafutao watu ziwani dhoruba ikishapita, tungefurahi kuona walau mkanda mmoja wa rangi ya chungwa mgongoni.

Jambo la petroli halitaki mzaha. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa. Hushuka na kutulia chini ya sakafu ya boti, na turubai lililofungwa pande zote huuhifadhi humo usiku kucha. Cheche moja ya injini au njiti moja ya kiberiti yatosha. Acha uwazi unaoelekea chini kwenye omo na tezi, ondoa tangi la mafuta ulale nalo mahali salama pasipo na moto, na asubuhi funua turubai lote, ungoje dakika kadhaa hewa ipite, ndipo uwashe injini. Ukisikia harufu, usiwashe.

Mwizi wa injini hupenda turubai kwa sababu lile lile mwenye boti alilipendea: linaficha. Akiingia chini yake anaweza kufungua boliti kwa utulivu huku walinzi wakipita. Kwa hiyo turubai lifunike injini lakini lisiifunge katika chumba cha giza. Miguu ya anayeingia ionekane kutoka nchi kavu. Nambari ya boti iliyo ubavuni mwa omo isizibwe, na ikibidi kuzibwa, nambari ile ile ichorwe juu ya turubai. Andika nambari ya injini katika daftari na umwachie nakala mwenyekiti wa LC1 au uongozi wa mwalo. Weka pia alama yako upande wa ndani wa turubai, mahali unapopajua wewe. Kutoka Majanji hadi ufuko wa pili ni mwendo mfupi kwa injini, na mali ikipatikana katika nchi jirani, wenzetu wa huko hawawezi kumkabidhi mtu kwa neno lake tu kwamba hii ni yangu.

Hapa twapaswa kujisema wenyewe. Katika mikutano kadhaa tumelalamikiwa kwamba askari wakaguzi walichana maturubai kwa kisu ili kuona kilichomo. Malalamiko hayo ni ya haki. Turubai la poliesta ni akiba ya miezi mingi kwa mtu wa mwaloni, na ukaguzi hauhitaji kisu pale mwenye mali alipo na yuko tayari kufungua. Tumekubaliana na wazee wa mialo hivi: nahodha afunge kamba zake kwa fundo la kufunguka kwa mvuto mmoja upande wa tezi, asifunge mafundo yaliyokazwa ishirini; naye askari amwombe nahodha afungue mwenyewe. Akikataa, hilo ni jambo jingine. Askari akichana bila kuomba, chukua nambari ya boti ya doria na saa, uilete kituoni au kwa mwenyekiti wako.

Turubai la kufungia boti mwaloni lisigeuzwe paa la safarini, na juu ya hili hatutalegeza sauti. Mvua ikishika katikati ya ziwa, abiria hulitandaza vichwani na kulikalia kingo zake lisipeperuke, akina mama wakawaweka watoto katikati palipo pakavu. Boti ikipinduka katika hali hiyo, turubai huwa wavu. Aliye chini yake hajui juu ni wapi, kingo zimekaliwa, jaketi aliyovaa humsukuma dhidi ya kitambaa kile kile kinachomzuia kutoka. Mzee mmoja fundi wa mashua alituambia, "Wanangu, mvua haijaua mtu ziwani, kujificha mvua ndiko kunakoua." Abiria walowe. Kila mmoja avae koti lake la mvua ndani ya jaketi la kuokolea, na turubai likae limekunjwa chini ya ubao wa omo. Nahodha anayewafunika abiria atasimamishwa nasi, hata kama nambari yake ni sahihi na abiria wenyewe ndio walioomba. Sababu ya pili wasafiri wa mpakani wanaijua: watoto na wasichana wanaosafirishwa kwa siri huvushwa chini ya maturubai. Ndiyo maana doria ikikaribia twaomba mwendo upunguzwe, turubai lifunuliwe, na nyuso zote zionekane.

Linalosalia ni utunzaji. Kila baada ya mvua kubwa litandaze juani likauke pande zote mbili kabla ya kulikunja. Lioshe kwa maji na sabuni ya kawaida. Dawa kali za kutoa madoa huondoa ule mpako uliolipia fedha. Kamba za mpira zinazovutika huchoka upesi kwa jua, zikague kila mwezi. Chombo kilichopandishwa nchi kavu kinaweza kuning'iniziwa chupa za maji kwenye pindo badala ya kamba, nazo hulituliza turubai upepo unapovuma.

Turubai likichakaa kabisa, usilitupe ziwani. Vipande vya plastiki huzonga rafadha, na injini inayozimika usiku karibu na miamba ni simu nyingine kwetu. Katika vituo vyetu vya mwaloni tunayapokea yaliyochakaa, nayo hukatwa kuwa mifuko ya mchanga ya kuzuia mmomonyoko gatini.