Kusikia Tena Baada ya Kuumia Kichwa

Sikio la ndani limehifadhiwa katika sehemu ngumu sana ya fuvu. Humo mna koklea, mfereji wenye majimaji uliojisokota mara mbili na nusu mfano wa konokono. Ukinyoshwa, urefu wake hupata kama sentimeta 3.5. Ndani yake zimepangwa seli zipatazo 15,000 zenye vinyweleo, ambazo hugeuza mtikisiko wa sauti kuwa ishara za umeme. Kichwa kikigongwa na ufa ukapita hapo, seli hizo huweza kufa, na kwa binadamu hazioti tena. Hapo kukuza sauti hakufai kitu: ni sawa na kubisha hodi katika nyumba isiyo na mtu.

Hata hivyo, neva ya usikivu huweza kubaki hai. Mwaka 1957 huko Paris, Djourno na Eyriès waliipitishia umeme neva ya kiziwi mmoja, naye akasikia sauti, ingawa hakuweza kufuata mazungumzo. Graeme Clark wa Melbourne alitambua kwamba zahitajika elektrodi nyingi, kwa kuwa sauti nyembamba hupokewa mwanzoni mwa koklea na nene huko ndani. Lakini waya utapenyaje mzunguko ule pasipo kuuharibu? Mwaka 1977, akiwa ufukweni, Clark alijaribu kupenyeza majani katika kombe la baharini. Jani laini nchani na gumu shinani lilipita bila kukwama. Waya nao ukaundwa vivyo hivyo.

Tarehe 1 Agosti 1978 alimpandikiza kifaa chake mwanamume aliyekuwa kiziwi kwa kuumia kichwa katika ajali ya gari. Majaribio ya awali hayakuleta sauti yoyote. Kumbe hitilafu ilikuwa katika mitambo ya nje. Iliporekebishwa, ulipigwa wimbo wa taifa, na mgonjwa akasimama wima.

Yafaa ieleweke kwamba kipandikizi hakiponyi sikio. Kipaza sauti cha nje hupokea maneno, nacho kifaa huyageuza kuwa mapigo ya umeme ambayo ubongo hauna budi kujifunza kuyafasiri, pengine kwa miezi mingi. Tena baada ya ajali mfupa mpya huweza kuota na kuziba koklea, hivyo kuchelewa ni hatari. Neva ikiwa imekatika, kipandikizi cha koklea hakina msaada. Tangu 1979 wapasuaji wamekuwa wakiweka elektrodi kwenye shina la ubongo, ila usikivu upatikanao kwa kawaida huwa hafifu zaidi.