Je, Wajua? Hesabu za “Kubwa Kuliko”, Kasese hadi Bwera

Je, wajua kwamba Ikweta inaikata Wilaya ya Kasese, Uganda? Alama yake iko Kikorongo, kando ya barabara ya Kasese–Mbarara. Iite latitudo x, kaskazini iwe chanya. Hatua moja huku, x > 0; hatua moja kule, x < 0. Mlinganyo x = 0 unakupa mstari tu. Kutolingana kunakupa nusu nzima ya dunia.

Je, wajua kwamba alama > na < zilichapishwa mwaka 1631 katika kitabu cha Mwingereza Thomas Harriot, miaka 10 baada ya kifo chake? Alama za “au sawa na”, zenye vijistari chini, Mfaransa Pierre Bouguer alizitumia mwaka 1734. Mwaka uliofuata alipanda meli kwenda kupima umbo la dunia penye Ikweta hiihii, upande wa Amerika ya Kusini.

Je, wajua kwamba sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 hairuhusu lori la ekseli 7 kuzidi tani 56 pamoja na mzigo? Tuseme lori lina kilo 17,800 likiwa tupu, nalo linapakia Bwera, karibu na mpaka wa Kongo, magunia g ya kahawa ya kilo 60. Basi 17,800 + 60g ≤ 56,000. Ondoa 17,800 pande zote: 60g ≤ 38,200. Gawanya kwa 60: g ≤ 636.67. Darasani tungekadiria 637, lakini gunia la 637 linazidisha kilo 20. Jibu ni 636.

Je, wajua kwamba ukizidisha au kugawanya kwa namba hasi, alama hugeuka? Wengi huikariri kanuni hii bila kuambiwa sababu, na inasikitisha, kwa maana sababu iko sokoni. 2,000 ni ndogo kuliko 5,000. Zigeuze kuwa madeni: mwenye deni la 2,000 ana nafuu kuliko mwenye deni la 5,000. Ndiyo maana −2,000 > −5,000.

Sasa tazama Ruwenzori. Tuseme Kasese kuna nyuzijoto 24, na kila kilomita unayopanda inapunguza takriban 6. Ukipanda kilomita k, baridi ya kugandisha maji inaanzia wapi? 24 − 6k < 0, yaani −6k < −24. Gawanya kwa −6, geuza alama: k > 4. Mji uko karibu mita 1,000 juu ya bahari, kwa hiyo ni juu ya mita 5,000. Kilele cha Margherita kina mita 5,109, na barafu ipo. Usipogeuza alama unapata k < 4: maji yagande mjini, barafu iyeyuke kileleni. Mlima wenyewe unakukosoa.

Je, wajua kwamba kwenye grafu, < huchorwa kwa mstari wa vipande na ≤ kwa mstari mzima? Shuleni Uganda kivuli hutiwa eneo lisilotakiwa. Jibu hubaki jeupe.

Na je, wajua kuhusu Ishango? Ni ng’ambo ya mpaka kutoka Bwera, pale mto Semliki unapotoka Ziwa Edward. Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alifukua hapo mfupa wa takriban miaka 20,000 wenye safu tatu za mikato. Safu mbili zina mikato 60 kila moja. Ya tatu ina 48, na 60 > 48.