Malaria haipo, homa haishuki: damu yako inapimwaje?

Homa imekushika siku ya tatu, viungo vinauma, macho yanauma kwa nyuma, na umepimwa malaria mara mbili pasionekane kitu. Je, msomaji, umefikiria homa ya dengi? Ugonjwa huu, ambao wengine huuita kidingapopo, ulizuka pwani yetu mwaka 1982, ukaikumba Mombasa mwaka 2013 na umerudi tena tangu hapo. Mbu wake huuma mchana na hutaga katika maji safi ya mapipa na mitungi, vyombo ambavyo nyumba nyingi za Mji wa Kale haziwezi kukosa kwa sababu ya shida ya mfereji.

Kijidudu cha malaria huonekana kwa darubini ya kawaida. Kirusi cha dengi ni kidogo mno, hivyo maabara hukitega. Hutumia kingamwili, yaani askari wa mwili, ambao kila mmoja humshika adui wake maalumu. Lakini kushikana huko hakuonekani kwa macho, ndiyo maana hubandikwa alama.

Alama mojawapo ya awali ilikuwa iodini yenye mnururisho, waliyoitumia Rosalyn Yalow na Solomon Berson wa Marekani kupima insulini katika miaka ya 1950. Yalow alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1977. Mwaka 1971 Waswidi walibandika kimeng'enya badala yake, kipimo kikaitwa ELISA: damu hutiwa katika vishimo vya sahani ya plastiki, huoshwa, kisha hutiwa dawa inayogeuka rangi pale kimeng'enya kilipobaki. Kuosha kukifanywa ovyo, hata asiye mgonjwa huonekana mgonjwa. Mashine nyingine hutumia alama zitoazo mwanga. Na ule mstari mwekundu wa kipimo cha haraka? Mara nyingi ni chembe za dhahabu. Naam, dhahabu halisi.

Jambo kubwa ni siku. Katika siku tano za mwanzo hutafutwa protini ya kirusi chenyewe, iitwayo NS1. Kingamwili za IgM huanza kuonekana yapata siku ya nne au ya tano. Ukipimwa IgM siku ya pili, jibu la "hakuna" halina uzito. Basi mwambie daktari homa ilianza lini, na umuulize ni kipimo gani amekifanya.

Wakati ukingojea, tumia parasetamoli na unywe maji kwa wingi. Aspirini na ibuprofeni ziache, huzidisha kutoka damu. Homa ikishuka kisha tumbo likauma sana, ukatapika mfululizo au fizi zikatoka damu, nenda hospitali saa hiyo hiyo.