Risasi Ndiyo Huchagua Bunduki: Rekodi za Kujaza Silaha, Kutoka Ufipa Hadi Marekani

Tarehe 11 Septemba 1999, Mmarekani Jerry Miculek alipiga risasi 12 kwa rivolva ya matundu sita ndani ya sekunde 2.99. Katika muda huo alimaliza risasi sita, akatupa maganda, akajaza sita nyingine na kuzimaliza nazo. Alitumia Smith & Wesson 625 ya .45, na ukiacha mikono yake, aliyebeba rekodi ile ni kibanio cha mwezi: bati la chuma la mviringo, unene wake takriban milimita moja, lenye meno yanayoshika risasi zote sita kwenye vitako vyake. Huingia kwenye silinda kwa mkupuo mmoja, na maganda hutoka kwa mkupuo mmoja.

Mkiani mwa orodha ya kasi ya kujaza silaha kuna gobore, ambalo wazee wa Sumbawanga, Nkasi na bonde la Rukwa wanalijua kuliko rivolva yoyote. Baruti humiminwa kwenye mdomo wa mtutu, kitambaa hufuata, kisha goroli au vipande vya chuma, na kila tabaka hushindiliwa kwa mdeki. Halafu ndipo fataki iwekwe. Askari wa miguu wa Uingereza wa karne ya 18, waliofunzwa kazi hiyo hadi ikaingia mwilini, walitarajiwa kupiga mara tatu kwa dakika. Mwindaji aliye peke yake porini hafiki hapo. Lakini gobore linashikilia rekodi nyingine ambayo haijavunjwa: hakuna silaha ya moto isiyochagua chakula kama hiyo. Haidai ganda la shaba wala kiwanda. Ndiyo maana limedumu kuliko bunduki nyingi zilizolizidi kwa kila kipimo. Mimi nashikilia kwamba risasi ndiyo humchagulia mtu bunduki, na rekodi nyingi za silaha zinaeleweka ukianzia hapo.

Chuma chenyewe Wafipa wa Sumbawanga na Nkasi hawakufundishwa na mtu wa meli. Malungu yao, matanuru ya udongo yaliyofikia kimo cha mita tatu hivi, ni miongoni mwa matanuru marefu zaidi ya jadi yanayojulikana Afrika Mashariki. Yalivuta hewa yenyewe kupitia matundu ya chini, bila mivukuto, na chuma kilichopatikana kilisafishwa tena kwenye kitanuru kidogo kiitwacho kintengwe. Mwanaakiolojia Bertram Mapunda amefanya kazi kubwa ya kuyachunguza. Zao kuu la malungu hayo lilikuwa jembe. Mhunzi wa namna hiyo angeweza kuunganisha mtutu uliopasuka, ila ganda la shaba lenye kiwashio kitakoni lilihitaji kiwanda, na kiwanda kilikuwa ng'ambo ya bahari.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilileta mfano mzuri wa jeshi lililobadilisha bunduki kwa kufuata risasi. Mwaka 1914 askari wengi wa Kijerumani katika Afrika Mashariki walikuwa bado na Mauser ya 1871, bunduki ya risasi moja moja, ya milimita 11, inayotumia baruti nyeusi. Kila ilipolia, wingu la moshi lilimwonyesha adui mahali alipo mpigaji. Katika mapigano ya Tanga, Novemba 1914, waliteka bunduki 455, bombomu 16 na risasi 600,000, zilizotosha kuzipa silaha mpya kombania tatu. Tarehe 25 Novemba 1917, huko Ngomano kwenye mto Ruvuma, waliwashinda Wareno na kuchukua bunduki zao pamoja na risasi 250,000, na sehemu kubwa ya kikosi ikaacha silaha zake za zamani. Mwaka mmoja kamili baadaye, tarehe 25 Novemba 1918, kamanda wao, Paul von Lettow-Vorbeck, alisalimu amri Abercorn, ambayo leo ni Mbala, mji wa Zambia unaofikiwa kutoka Sumbawanga kwa kupita Matai na mpaka wa Kasesya. Alikuwa na Wazungu 155 na askari 1,168. Bunduki 1,071 zilizokabidhiwa zilikuwa za Kiingereza na Kireno. Jeshi la mwisho la Ujerumani kuweka silaha chini katika vita vile liliweka chini bunduki za adui zake.

Rekodi ya kizuizi kilichofanya kazi bila kujazwa hata risasi moja ni ya Kasanga, iliyoitwa Bismarckburg wakati wa Wajerumani. Juni 1916 kamanda wa Kiingereza wa boti za ziwa Tanganyika, Geoffrey Spicer-Simson, alifika mbele ya ngome ile, akaiona ina mizinga, akageuza. Wajerumani wakatoroka kwa majahazi. Waingereza walipoingia walikuta mizinga ile ni ya mbao.

Sasa turudi kwenye kibanio, maana kilizaliwa mwaka uleule wa Ngomano na kutokana na shida ileile. Marekani iliingia vitani Aprili 1917 ikiwa na risasi nyingi za .45 za bastola ya M1911, ila bastola zenyewe hazikutosha. Viwanda vya Colt na Smith & Wesson viliweza kutoa rivolva kwa wingi, lakini risasi ile haina ukingo uliochomoza kitakoni. Bila ukingo, kisukuma maganda hakina pa kuikamata, na kwenye silinda za mwanzo za Colt risasi ilizama ndani kiasi cha pini kutoifikia. Joseph Wesson akabuni kibanio cha nusu mwezi, cha risasi tatu, ambacho kilikuwa ukingo wa bandia. Viwili vilijaza silinda. Rivolva zaidi ya 300,000 za M1917 zilitengenezwa kwa mpango huo. Mwezi kamili wa risasi sita ulienea baadaye sana, miaka ya 1980, kwa sababu ya mashindano ya shabaha.

Ofisa wa Kiingereza aliyepigana upande huu wa dunia alikuwa na Webley, na kwa kutupa maganda sijui rivolva ya jeshi ya enzi ile iliyoishinda. Unaukunja mtutu chini, nayo yote sita yanaruka. Kwa kuwa risasi yake ya .455 ilikuwa na ukingo wake, haikudai kibanio. Kulikuwa na kifaa cha Prideaux, chenye hataza ya 1893, kilichoziingiza sita kwa pamoja na kuziachia. Kibanio cha mwezi kinazidi kwa jambo moja: hakiachii. Hakuna kitasa cha kuzungusha wala kitu cha kudondosha. Kinaingia na kutoka na risasi zake.

Kwa mlenga shabaha mwenye leseni anayekichagua leo, tatizo baya kuliko yote ni kupinda. Kibanio kilichokanyagwa kidogo tu huburuza silinda, kifyatuo kikawa kizito au kikagoma kabisa. Kijaze, kiingize, zungusha silinda taratibu kwa mkono huku ukiangalia kama kinayumba. Kikiyumba, kitupe. Mfereji ulio juu ya kitako cha ganda hautofautiani sana kwa macho kati ya kiwanda na kiwanda, lakini kibanio kinausikia: kikilegea, risasi zinachezacheza na kukosa tundu, kikibana mno, kinapinda wakati wa kujaza. Chagua ganda la kiwanda kimoja, kisha tafuta kibanio kinachokaa nalo. Risasi yenye pua ya mviringo huingia upesi kuliko bapa. Maganda yang'olewe kwa kifaa chake cha bomba, kwa maana koleo ndilo linaloharibu vibanio vingi. Na vya mashindano visichanganywe na vya mazoezi.

Kuna rekodi moja zaidi ambayo gobore linaizidi rivolva, nayo ni ya hatari. Kibanio kikitoka kwenye silinda unaona vitako vyote sita kwa jicho moja, unajua kilichobaki na kilichokwisha. Gobore halionyeshi kitu. Baruti nyeusi ikikaa pakavu hudumu miongo mingi, kwa hiyo gobore la babu lililolala juu ya dari linaweza kuwa bado na shehena aliyoishindilia mwenyewe. Ukilikuta, usilichungulie mdomoni, usilisogeze karibu na jiko, wala usimpe fundi achomelee mtutu. Waite polisi waje walichukue hapo lilipo, na uwaambie mapema kwamba hujui kama ni tupu.