Mzee Mmoja, Misimbo Minne

Bibi wa miaka 76 ameanguka bafuni usiku, nyonga imevunjika. Anapigwa picha, anafanyiwa upasuaji, na siku ya kuruhusiwa karani wa madai analichukua faili lake kujaza fomu ya bima. Kwenye nafasi ya ugonjwa anaandika S72.0, yaani kuvunjika kwa shingo ya mfupa wa paja. Hajadanganya. Upasuaji utalipwa na bibi atarudi nyumbani na magongo yake. Tatizo ni kwamba kijana wa bodaboda aliyegongwa na lori naye angeandikiwa S72.0 hiyohiyo.

Misimbo hii inatoka kwenye ICD, orodha ya kimataifa ya magonjwa. Chimbuko lake ni orodha ya sababu za vifo aliyoitunga mtakwimu wa Kifaransa, Jacques Bertillon, ikapitishwa Chicago mwaka 1893. Mwaka 1948 ikawa mikononi mwa Shirika la Afya Duniani, na tangu hapo inahesabu magonjwa ya walio hai pia. Toleo linalotumika zaidi kwenye madai ya bima huku kwetu ni la kumi.

Watu hudhani msimbo ndio unaopanga bei. Kwa mfuko unaolipa huduma mojamoja, kama NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya wa Tanzania, ulivyozoeleka kufanya, bei iko kwenye kitabu cha mfuko. Kazi ya msimbo ni kuitetea. Mhakiki akikuta kipimo cha figo kwenye bili huku ugonjwa ulioandikwa ni mafua, anakata. Kwa kijana, ugonjwa mmoja kwa kawaida hueleza bili nzima. Mzee ana magonjwa matatu au manne yanayosukumana, na ukiandika moja tu, nusu ya bili inabaki bila mtetezi.

Turudi kwa bibi. Mfupa wa mtu mwenye afya hauvunjiki kirahisi kwa kuanguka kutoka kimo chake mwenyewe. Kama daktari amethibitisha kuwa mifupa imedhoofika baada ya hedhi kukoma, msimbo wake si S72.0 bali M80.0, na huo ndio unaofungua njia ya dawa za mifupa kabla nyonga ya pili haijavunjika. Na kwa nini alianguka? Labda presha ilishuka ghafla aliposimama kwa sababu ya dawa anazomeza: hiyo ni I95.2, na maana yake dozi ipitiwe upya. Ana kisukari kilichokwisha kugusa figo, E11.2, si kisukari kitupu cha E11.9. Ana pia presha ya juu yenyewe, I10. Misimbo minne, na hakuna hata mmoja wa kupamba fomu. Kila mmoja una dawa, kipimo au tahadhari inayouhitaji. Daktari mwingine akisoma S72.0 peke yake hatajua kwamba bibi huyu asipewe hovyo dawa za maumivu zinazoumiza figo.

Kosa linalonikera kuliko yote liko kwenye akili za wazee. Babu ameanza kuweweseka tangu juzi, hawatambui wanawe, na faili linaandikwa F03, ugonjwa wa kusahau. Ugonjwa huo huja polepole, kwa miezi na miaka. Kuchanganyikiwa kwa siku mbili ni F05, na mara nyingi nyuma yake kuna maambukizi ya njia ya mkojo, upungufu wa maji mwilini au dawa mpya. Hali hiyo inatibika. Ukiandika F03, hakuna atakayehangaika kupima mkojo, na mhudumu wa zamu inayofuata atamwona babu kama mtu aliyekwisha kupotea.

Upo pia msimbo wa uzee wenyewe, R54. Malkia Elizabeth wa Pili alipofariki Balmoral mwaka 2022, cheti chake cha kifo kiliandikwa uzee, basi. Kwa mtu wa miaka 96 aliyekuwa na madaktari wake muda wote, sina ugomvi. Ila kwa mgonjwa aliye hai, R54 ni njia fupi ya kusema hatukupima. Wataalamu wa wazee walilalamika toleo la 11 lilipotaka kuingiza neno hilo, na kabla halijaanza kutumika Januari 2022 likabadilishwa, likawa kupungua kwa uwezo wa mwili kunakoambatana na umri.

Marekani wana ugonjwa wa upande wa pili. Kampuni binafsi zinazohudumia wazee chini ya Medicare Advantage, mpango wa bima unaogharamiwa na serikali, hulipwa zaidi kadiri mwanachama anavyoandikiwa magonjwa mazito, na serikali imezishtaki baadhi kwa kuongeza magonjwa yasiyo na ushahidi kwenye faili. Huku kwetu hofu yangu ni kinyume chake. Mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo akitibiwa kwa msamaha, hakuna madai yanayokwenda kokote, na sioni nani wa kumhimiza anayejaza faili aandike ugonjwa wa pili na wa tatu. Kwa maoni yangu huyo ndiye mgonjwa ambaye faili lake lilistahili kujazwa kwa uangalifu zaidi, kwa kuwa hana pesa ya kurudia vipimo.

Wewe unayempeleka mama au babu hospitali, chukua dawa zake zote, pamoja na za dukani na za mitishamba, umwonyeshe daktari. Mweleze tatizo lilianza lini, kwa siku na si kwa kukadiria. Na kabla hujasaini fomu ya bima, omba usomewe magonjwa yaliyoandikwa. Ukiona kisukari chake hakimo, sema hapohapo. Kurekebisha fomu kabla haijatumwa ni rahisi kuliko kufuatilia madai yaliyokatwa.